Nilivyosafisha Kichuguu cha Madamu

Jamani, leo sina pa kuficha uso.

Mnajua nilivyosumbua watu shuleni kwetu hapa Manibe. Kila kikao wimbo wangu ni uleule: watoto wamechoka kukariri ubaoni, tuwatoe nje wajifunze kwa macho na mikono. Madamu, mwalimu mkuu wetu, alikuwa ananiambia ngoja. Juzi akakubali. Somo moja tu, darasa la nne, na yeye mwenyewe atakuja kutazama. Likienda vizuri, shule nzima itasomea nje. Likiharibika, nisimsumbue tena.

Nikachagua kichuguu kilicho nyuma ya nyumba za walimu. Mada: mchwa na makao yake.

Leo asubuhi nikawahi kuandaa. Usiku mvua ilikuwa imenyesha. Nakuta kichuguu kimejaa takataka! Vijiti vimeinamishwa juu yake, blanketi kuukuu, majani ya migomba. Pembeni kuna kashimo kamesiribwa udongo vizuri. (Hilo "vizuri" lilipaswa kunishtua. Halikunishtua.) Nikatupa vyote. Shimo nikalifukia, mtoto asije akavunjika mguu. Nikajipongeza.

(Mimi nimekulia Arua mjini. Kumbikumbi nimewajua sokoni, wakiwa wameshakaangwa. Msinihukumu.)

Jua likawaka. Watoto wakafika, wakaona kichuguu kitupu, wakanyamaza. Nikadhani ni nidhamu.

"Ticha," binti mmoja akauliza, "ile nyumba iko wapi?"

"Nyumba gani? Ilikuwa uchafu tu. Nimetoa."

Wakatazamana.

Madamu akaja na beseni kubwa la plastiki. Nikadhani ni la kukalia! Nikamwambia, "Madamu, kiti kipo." Alikuwa anakitazama kichuguu.

Nikaendelea kwa mbwembwe. Nikaeleza kwamba mchwa husikia mtikisiko wa ardhi. Nikaweka kipande cha ubao chini, nikakigonga kwa vijiti viwili. "Na nyinyi gongeni!" Mungu wangu, darasa likapamba moto! Watoto wanaosinzia kwenye hesabu sasa wanagonga kwa mpigo mmoja, bila kufundishwa. Kichwa kikavimba. Nikamgeukia Madamu. "Unaona faida ya kusomea nje?"

Ndipo wakatoka.

Kumbikumbi! Wengi! Kumbe kugonga ndiko huwaita nje. Blanketi la kuwazuia hakuna, shimo la kuwanasa hakuna. Wakapanda juu kama moshi, wakavuka paa la shule. Watoto wakavunja mistari, wanaruka, wanadaka, wanatafuna. Somo langu linaliwa na mabawa yake.

"Mwalimu," Madamu akasema polepole, "nani alivunja ile nyumba ya kumbikumbi?"

"Mimi, Madamu. Nilidhani..."

"Na shimo?"

"Nimefukia. Kwa usalama."

"Hii kichuguu iko yangu. Mimi nachunga tangu mvua ianze. Wakwe yangu iko natoka Koboko leo, nimewaambia watakula kumbikumbi. Sasa watakula nini? Usalama?"

Darasa zima likaangua kicheko. Nikapiga magoti, tai shingoni, nikaanza kuokota mmoja mmoja. Nilipata kiganja kimoja. Nikawamwaga kwenye beseni, hata kitako chake hakikufunikwa. Niliona aibu sana, nasema ukweli. Lile shimo nisingelifukia, ningeingia mwenyewe.

Madamu akawageukia watoto, akawauliza maswali ya mchwa. Mikono yote juu. Kila jibu sahihi!

"Kusoma nje iko nzuri," akasema. "Tutaendelea."

Nikapumua.

"Lakini kesho mimi nafundisha. Wewe utakaa nyuma pamoja na watoto."

Sasa nimejifungia ndani. Wakwe wa Madamu wamefika, nyumba iliyoungana na yangu, na ukuta wetu ni mwembamba. Nimemsikia mzee mmoja akiuliza kumbikumbi wako wapi. Nimemsikia na Madamu akijibu kwa heshima zote:

"Ngoja kidogo, baba. Naenda kuwaitia mwalimu wa usalama."

Msicheke, tafadhali. Anabisha hodi.