Bomba Lisilotaka Kutulia

Jumatatu, tarehe 4 Machi.
Nimelikomesha lile bomba la mvuke hapa kiwandani. Lilikaa juu ya boriti bila kufungwa, kama mgeni asiyejua atalala wapi. Aibu gani hii mbele ya fundi kama mimi! Mhandisi, ambaye ndiye mkaza mwanangu, kaandika kwenye mchoro liachwe huru. Mtoto wa juzi. Nimelichomelea kwenye boriti pande zote mbili. Mshono kama ushanga. Sikumwambia mtu.

Jumanne, tarehe 5.
Balaa. Mkaza mwana katukusanya mafundi wote. Kasema keshokutwa tunapuliza mvuke, kutoa taka ndani ya mabomba. Bomba likipata moto hurefuka. Likizuiwa linajikunja, pengine linapasuka, na mvuke ule humbabua mtu ngozi yote. Nikacheka kwa sauti. Kisha kasema yeye mwenyewe atasimama pale kwenye boriti, apime linavyosogea. Na mjukuu wangu bado ananyonya!

Jumatano, tarehe 6.
Nimekwenda na grenda kuukata mshono. Mlinzi kanizuia, eti bila kibali hakuna cheche. Nimemwambia nilianza kazi hii baba yake hajaoa. Kauliza kibali kiko wapi. Nyumbani mke wangu kauliza mbona sili. Nimesema jino.

Alhamisi, tarehe 7.
Nimeshika kifua, nikaanguka langoni, ili kazi isimame. Wamenibeba hadi zahanati, kazi ikaendelea! Nesi kasema moyo wangu ni wa kijana. Najua. Nimetoroka na kiatu kimoja. Nikakuta mvuke umeshafunguliwa kidogo, bomba linalia kiii, mkaza mwana kainama pembeni yake. Sijui sauti ilitoka wapi.
"Toka hapo, mama, toka!"
Akaruka nyuma. Wakafunga valvu. Boriti ilikuwa imepinda kama mgongo wangu. Akachungulia chini ya bomba, akauliza polepole, "Baba, mshono mzuri hivi ni wa nani?"
Ulimi huu! Nikasema wangu.

Ijumaa, tarehe 8.
Nimeambiwa nisisogelee bomba lolote. Mkaza mwana kanipa chai. Mwanangu hanitazami. Lakini haki isemwe: boriti ndiyo iliyopinda, mshono haukuachia hata unywele. Nimeshaona kosa lilikuwa wapi. Boriti nyembamba. Nene iko nyuma ya stoo, na mlinzi yule Jumapili hayupo.