Sauti na Picha Zipewe Talaka

Dalali wa Samani (maarufu kwa jina la Redio),
Stoo iliyo nyuma ya karakana ya seremala.

Kwa Meneja wa Mitambo,
Kampuni ya Simu.

Ndugu Meneja,

YAH: OMBI LA KUTENGANISHA SAUTI NA PICHA, KILA MOJA IRUDI KWAO

Salamu nyingi zikufikie hapo ofisini, wewe na wasaidizi wako wote, pamoja na yule dada wa mapokezi anayeniambia kwamba simu yangu ni ya muhimu sana kwake halafu ananiwekea muziki. Mimi kiafya sijambo. Kibiashara ndipo penye maneno, na ndiyo sababu nimekaa chini kukuandikia.

Mimi ni dalali wa samani zilizotumika. Makochi, vitanda, makabati, meza za kulia, chochote chenye miguu minne, na hata vile vilivyobakiwa na mitatu. Watu wananiita Redio, na walipoanza sikukasirika, kwa sababu kazi yangu ni mdomo. Mtu akihama nyumba ananiita, nachukua vitu vyake, navipanga stoo, halafu nakaa kwenye kiti karibu na mlango na kuanza kuwapigia simu wanunuzi. Mke wangu ni mtu wa maneno machache. Kazi yake ilikuwa kupiga msasa, kupaka vanishi na kufuta vumbi. Tumeishi hivyo tangu tuoane, yeye na kitambaa, mimi na simu, na hakuna aliyewahi kulalamika, au niseme kwamba mimi sikuwahi kusikia.

Zamani, Ndugu Meneja, sauti ilikuwa na njia yake na intaneti njia yake. Ukipiga simu, intaneti inakaa pembeni kwa adabu mpaka umalize. Mteja alikuwa analisikia kochi kabla ya kuliona, na mpaka anafika stoo kuliona alikuwa ameshalipenda, ameshaamua litakaa upande gani wa sebule. Kazi iliyobaki ilikuwa ndogo sana. Siku hizi njia hizo mmeziunganisha. Shemeji yangu, kaka wa mke wangu, ambaye ni fundi wa minara yenu, alinieleza huku akimalizia chai yangu kwamba sauti nayo sasa inakatwa vipande vipande na kusafirishwa kwenye njia ileile ya picha na malipo. Ndipo mkaanzisha hilo Duka la Sauti. Mtu anapiga, anasema anataka kabati, anaunganishwa na mwenye kabati, wanaongea huku kabati lenyewe liko mbele ya macho yake, na akiridhika anatamka tu kwamba amelichukua, pesa inahama hapohapo. Kwa kifupi, sauti na picha mmezifungisha ndoa, na hamkuwauliza ndugu wa upande wowote. Mimi ni ndugu wa sauti. Malalamiko yangu ni haya.

1. Mmenidhalilisha mbele ya wateja. Nilikuwa namweleza mama mmoja, muuguzi mstaafu, habari za kochi la watu watatu. Nikamwambia ni kama jipya, limekaliwa na wageni tu, tena wageni wembamba. Nikiwa bado nimenogewa, akaniuliza kwa upole kabisa kama ile springi inayochungulia pale katikati nayo ni mgeni. Nikamwambia ni kivuli. Akaniomba nikisogeze. Ndugu Meneja, nimefanya kazi hii mpaka mvi zimeniota, sijawahi kuombwa na mteja nisogeze kivuli. Nilitaka kuifunika kamera, lakini mtambo wenu hauwaunganishi wauzaji waliofunika kamera. Nimejaribu kwa kidole, nimejaribu kwa plasta, na mara ya tatu ukaniambia nimuone daktari wa macho.

2. Mnaua lugha. Kuna maneno ambayo sisi madalali tumeyalea kwa uangalifu mkubwa. "Halijatumika sana." "Linahitaji marekebisho madogo." "Kitanda hiki ni cha kisasa, kinapokea tofali penye mguu." Maneno haya yana kazi yake na yamesomesha watoto. Picha ikisimama pembeni yake yanaonekana kama uongo, na mimi sidanganyi. Mimi naeleza kitu jinsi kilivyokuwa siku yake nzuri kuliko zote. Hata wewe ulipoandika barua ya kuomba hiyo kazi, sidhani kama ulianza na orodha ya magonjwa yako.

3. Mmenichukulia simu. Hili ndilo linaloniuma, kwa hiyo naomba usisome huku unafanya jambo lingine.

Siku moja koo lilikauka, nikatoka kwenda kutafuta maji. Huku nyuma simu ikaita, mke wangu akaipokea. Mteja alitaka kabati la nguo. Narudi, nipo mlangoni, namsikia anasema, kwa sauti ileile anayotumia kuniambia kwamba chumvi imekwisha: "Mlango wa kushoto haufungi. Droo ya chini haifunguki, mume wangu aliipigilia misumari. Ndani kuna harufu ya dawa ya mende, itatoka lakini si leo." Nikakimbia kwenda kumnyang'anya simu, nikajikwaa kwenye stuli, na kabla sijainuka mteja alikuwa ameshatamka kwamba amelichukua. Kabati hilo, Ndugu Meneja, nilikuwa nimelisifia miezi mingi mpaka nikaanza kulizoea. Mteja alisema ni mara yake ya kwanza maishani kuambiwa na muuzaji kile anachokiona kwa macho yake.

Habari zikaenea. Mtambo wenu una tabia ya kuwauliza wateja wangependa kuongea na nani, na wateja, bila hata aibu, wanataja. Wanamtaka "yule mama". Kuna waliokuwa wateja wangu tangu sina kitambi, nao wanamtaka yule mama. Mwisho mke wangu akanifuata nilipokuwa nimekaa, akaninyooshea kitambaa, akasema, "Wewe shika hiki, mimi nishike hiyo." Hakusema kwa hasira. Angesema kwa hasira ningepata pa kuanzia.

Sasa yeye ndiye anakaa kwenye kiti cha karibu na mlango, na mimi niko nyuma kule na vanishi. Mwisho wa mwezi laini ya Duka la Sauti inahamishiwa jina lake, shemeji ameshaahidi kuja kumsaidia, na mimi nimeshaahidiwa kwamba nitapika chai. Niseme wazi, Ndugu Meneja. Naogopa. Mke wangu ameyavumilia maneno yangu miaka yote hii nikiamini ni kwa sababu yanaleta chakula mezani. Sasa hayaleti. Kila jioni anapita stoo akiangalia vitu, hiki kinafaa, hiki kuni, na akifika niliposimama mimi huwa najikuta nimenyoosha mgongo.

4. Ukweli umevuka mpaka, umeingia nyumbani. Biashara ya mke wangu ilipochangamka, ulimi nao ukachangamka. Juzi nilimuuliza kama shati limenikaa vizuri. Akajibu kama anaongea na mteja: kola imechoka, kifungo cha pili si cha shati hilo, tumbo ni la kwako. Mgeni wetu mmoja aliaga kwa kusema hataki kutuchosha, akaambiwa kwamba ameshatuchosha tangu saa kumi. Alicheka akidhani ni utani. Hajarudi.

5. Taifa zima liko hatarini. Sisemi haya kwa ajili yangu peke yangu. Leo ni makochi, kesho mtaanza na watu. Fikiria mwanaume aliyepigiwa simu, naye akajibu kwamba yuko njiani, amekaribia kabisa, huku picha inamuonyesha bafuni na sabuni kichwani. Nani atabaki na kazi? Nani atabaki na mchumba? Mikutano yote itakosa watu, kwa sababu watu huitwa mikutanoni kwa sauti na si kwa picha za viti vyenyewe. Hata hapo ofisini kwako, siku ambayo wateja wataweza kumuona yule dada wakati anasema simu zetu ni za muhimu kwake, sijui mtajificha wapi. Kwa hiyo ukitazama vizuri utaona kwamba ninachotetea hapa ni amani.

Kutokana na hayo naomba yafuatayo. Kwanza, sauti na picha zipewe talaka, kila moja irudi kwenye waya wake wa zamani. Kama kuna watoto wamezaliwa hapo katikati, walelewe na intaneti, yeye ana uwezo. Pili, kama talaka haiwezekani, basi picha icheleweshwe kidogo, sauti itangulie kufika kwa mteja na ipewe muda wa kukaa, kuvua viatu na kunywa maji kabla picha haijabisha hodi. Tatu, na hili ni la haraka, ombi la kuhamisha laini kwenda jina la mke wangu lipotee ofisini kwenu. Najua mnaweza. Ya kwangu yote yameshawahi kupotea bila hata kuomba.

Nakuomba radhi kama kuna mahali nimeongea kwa ukali, ni uchungu wa mtu anayepaka vanishi huku anasikia mwenzake anauza. Wasalimie wote hapo kazini, msalimie na familia yako, na wale mafundi wanaopanda minara waambie washike vizuri. Shemeji yangu usimsalimie, tunaonana naye kila siku wakati wa chai.

Ni mimi, mteja wenu wa tangu simu za kuzungusha kwa kidole,

Redio
Dalali wa Samani (kwa sasa Msaidizi wa Vanishi)

Nyongeza:

Ndugu Meneja, nimelazimika kuichana bahasha kwa sababu barua ilikuwa imeshafungwa. Tafadhali usitenganishe chochote. Na laini iandikwe jina lake, hata leo kama fundi yupo.

Asubuhi hii mke wangu alikuwa anamuuzia bwana mmoja meza ya kulia. Mimi nilikuwa nyuma yake nafuta vumbi, sikujua kwamba kamera inanichukua. Walipomaliza habari za meza, yule bwana akauliza kwa utani, na huyo mzee mwenye kitambaa, naye ni bei gani? Mke wangu akageuka, akanitazama kuanzia juu mpaka chini, akaanza kama kawaida yake. Akasema anakoroma. Goti la kulia limekwisha. Anaongea kuanzia anapofumbua macho, na nusu ya hayo usiyaamini. Anaweka sukari kwenye chai kama anajenga. Mimi nilikuwa nimesimama tu na kitambaa, nasubiri bei itajwe, kwa sababu ninavyomjua, akifika hapo huwa ameshauza.

Akasema, "Lakini huyo hauzwi." Kisha akarudi kwenye habari za meza, akamwambia yule bwana kwamba mguu mmoja unacheza.

Shemeji anasema mazungumzo yote ya Duka la Sauti mnayahifadhi. Naomba nakala ya hayo ya asubuhi, nitakuja kuichukua mwenyewe. Nataka sauti na picha, zote mbili, kwa pamoja.