Mapezi Marefu Kuliko ya Zein

Jumatatu, 13 Januari 2025
Nimepata njia ya kuondoka nyuma ya dawati. Kikundi cha wazamiaji wanaopanda matumbawe kinatafuta mtu mmoja wa kuajiri. Majaribio ni Jumamosi. Tuliomaliza mafunzo ni wawili: mimi, Joab, karani wa ofisi ya mizigo, na Zein, muuza vitambaa wa Mji wa Kale. Zein huogelea kama aliyezaliwa majini. Mimi nina akili. Leo mwalimu wetu, Bi Swafia, alisema kila mtu alete mapezi yake ya kuvaa miguuni, akaeleza namna ya kuyachagua. Sikusikiliza sana. Nilikuwa nikiangalia mapezi ya Zein. Ni mafupi.

Jumanne, 14 Januari
Nimenunua mapezi marefu kuliko yote dukani. Yananifika kiunoni. Muuzaji aliuliza kama nazamia na mtungi wa hewa au kwa pumzi zangu tu, maana hayo ni ya wanaozamia kwa pumzi, na ni magumu, yanataka mapaja yenye nguvu. Nikamwambia ninayo. Pumzi ziliniishia kwenye ngazi za nyumbani, mtaa wa Buxton. Mke wangu, Nasipwondi, aliuliza kama nimenunua mlango. Kisha akasema, "Baba Wendy, mbona samaki wenyewe wana mapezi madogo?" Niliyaegemeza ukutani. Watu wa bara hawaijui bahari. Mimi pia ni wa bara, lakini nimekaa hapa miaka kumi na mmoja.

Alhamisi, 16 Januari
Tatizo dogo. Tutatembea juu ya miamba kufika kwenye boti, kwa hiyo lazima tuvae viatu vya mpira. Mapezi yangu yamezibwa kisigino. Ni ya mguu mtupu. Zein, kwa ule upole wake unaoudhi, alisema ana jozi ya ziada, laini, yenye mkanda nyuma, inavalika na viatu vya mpira. Nichukue tu. Hila hiyo. Nilimshukuru, nikaenda mtaa wa Bondeni kwa Tsofa, fundi viatu, nikamwambia akate visigino atie mikanda ya tyubu ya baiskeli. Aliuliza mara mbili kama nina hakika. Akakata huku ameangalia pembeni.

Jumamosi, 18 Januari
Naandika nikiwa chali. Miguu haikunjiki.
Kwenye boti niliwapiga watu watatu kwa mapezi kabla hatujang'oa nanga. Chini, kila nilipopiga teke mchanga ulitifuka, sikuona hata mkono wangu. Nilipita juu ya matumbawe yaliyopandwa wiki iliyopita, nikang'oa mawili. Kisha msuli wa mguu wa kulia ukakaza. Mkanda wa kushoto ukakatika, pezi likaenda zake. Nikabaki nikizunguka kama feni. Hapo niliogopa, na si kidogo. Nilivuta hewa mbio mbio nikimfikiria binti yangu. Mara mkono ukanishika. Zein. Alinitazama machoni, akaonyesha kwa kiganja nipumue taratibu, akanipandisha pole pole bila kuniachia.
Mbele ya watu wote botini alisema, "Pole, Bwana Joab. Mkondo wa leo ulikuwa mkali."
Hakukuwa na mkondo. Bi Swafia alijua. Kazi amepewa Zein.

Jumatatu, 20 Januari
Zein ameniletea ile jozi yake. Nimeijaribu kwenye maji ya kiunoni, na viatu vyangu. Niliogelea nusu saa bila maumivu, bila kutifua chochote. Nimetafakari sana sababu yake. Ni wazi kwamba yale marefu yaliniimarisha miguu.

Jumamosi, 25 Januari
Bi Swafia amenipa cheo. Nasuuza vifaa vya kikundi kila mwisho wa wiki na kuvipanga rafuni. Mchana alikuja mwanafunzi mpya, Jannat, muuguzi, mfupi, mwembamba kama ufito. Aliuliza achukue mapezi gani. Nilimchagulia marefu na magumu kuliko yote. Akauliza basi kwa nini mimi na Zein tunavaa mafupi. Nikamweleza kwamba sisi tumeshakomaa.