Kisiwa cha Nahodha na Mwenyeji Wake

Kwanza tuelewane: Nahodha hakuwa nahodha. Maji mengi kuliko yote aliyowahi kuingia yalikuwa ya beseni, na hata hayo aliyapima kwanza kwa kidole. Jina alijipa mwenyewe alipohamia mji huu, ulio mbali na bahari kwa safari ya siku nzima ya basi, na hakuna aliyemwuliza chombo chake kiko wapi.

Asubuhi moja alikuwa amelala chali kwenye kiti cha daktari wa meno, shavu limekufa ganzi, akingoja koleo. Ukutani palikuwa na kalenda ya zamani yenye picha ya kisiwa: mchanga mweupe, maji ya buluu, vibanda vitatu vya makuti. Daktari naye, badala ya kuangalia jino, alikuwa anaangalia kalenda.

"Miaka tisa nachungulia vinywa vya watu," daktari akasema, akishusha pumzi. "Iko siku nitakwenda mahali kama hapa, nizame chini ya maji nisione jino la mtu yeyote."

Nahodha alishawahi kukosa chakula, alishawahi kukosa nauli, lakini nafasi ya namna hii hajawahi kuikosa. Akatoa pamba mdomoni.

"Hafo nimetoka juji," akasema.

"Unasemaje?"

"Hafo!" Akanyoosha kidole kwenye kalenda. "Kisiwani. Nafeleka wageni kufiga mbiji."

Daktari akaweka koleo chini. Kadiri ganzi ilivyoisha, ndivyo uongo ulivyonyooka.

"Kinaitwaje hicho kisiwa?"

"Hakiitwi, daktari. Wenyeji wake wanaona kukitaja kwa jina ni kukikosea adabu. Ndiyo maana hata kwenye ramani hukioni."

"Na huko chini ya maji kuna nini?"

"Samaki wa rangi zote. Matumbawe. Halafu kuna…" Nahodha akatazama mlango. "Hapana, hayo mengine tuyaache."

"Yapi? Sema, bwana!"

"Lulu. Wenyeji hawana habari nazo. Kwa mila yao lulu ni uchafu wa chaza, watoto wanazichezea kama gololi. Mgeni akizama, alichoibuka nacho mikononi ni chake. Lakini nakuomba sana, daktari, habari hii isifike mbali."

Ilifika mbali kabla ya saa sita mchana. Jino lenyewe liling'olewa bure, na Nahodha akaondoka na kalenda kwapani, akisema picha ile inamtia hamu ya kurudi.

Sasa msimwone Nahodha mtu wa tamaa tu. Alikuwa na shida, na shida yake ilikuwa pasi. Mwaka mzima na miezi miwili alikuwa analala kwenye kochi sebuleni kwa dada yake, na shemeji, mtu mpole mwenye mabinti sita, alimpa kazi moja tu ya kulifidia lile kochi: kupiga pasi sare za shule kila asubuhi. Sketi sita, marinda matupu. Ninyi mliowahi kunyoosha marinda hamhitaji maelezo. Tena dada alishamwambia waziwazi kwamba Jumamosi ya juma lijalo awe amepata pa kwenda. Nahodha alikwishaona chumba katika mji mwingine, chumba kimoja tu, lakini chenye mlango wake na ufunguo wake, na mwenye nyumba hataki maneno, anataka kodi ya mwaka mkononi. Kila akikaza rinda aliukumbuka ule mlango mpaka machozi yanamlengalenga.

Basi akabandika tangazo sokoni: likizo ya kupiga mbizi, kisiwa cha mbali, mila za asili, nafasi chache. Juma moja halijaisha, wateja wakawa wanane. Wa kwanza daktari. Wa pili muuza nyama, mtu mwenye viganja vipana kama sinia.

"Umesema kinachoshikwa mikononi?" muuza nyama aliuliza.

"Ndiyo, mzee wangu."

"Mikono yoyote? Haipimwi?"

"Mikono uliyozaliwa nayo."

Muuza nyama akaitazama mikono yake kwa mapenzi mapya, akatoa malipo ya kwanza palepale. Wa tatu alikuwa mama mmoja, mwalimu mkuu mstaafu, ambaye aliandika kila neno la Nahodha kwenye daftari na kulipigia mstari kwa rula.

"Na mdomoni je?" mwalimu akauliza. "Mtu akibana nyingine mdomoni?"

"Mwalimu, meno yako hayataki hiyo kazi," daktari akamnong'oneza. Mwalimu akanuna siku nzima.

Mafunzo yalifanyika katika bwawa la nyumba moja ya wageni, bwawa lenye maji ya kufika kiunoni na jani moja la mgomba lililokuwa linaelea tangu mwanzo hadi mwisho wa mafunzo. Kalenda ilitundikwa ukutani ili watu wapate moyo. Mitungi ya hewa ilikuwa ya kuzimia moto, Nahodha ameiokota kwenye ukumbi wa sinema uliofungwa, akaipaka rangi ya buluu. Akawaeleza kwamba hewa itatiwa hukohuko kisiwani, maana hewa ya bara haizami vizuri. Mwalimu akaandika.

Siku ya pili muuza nyama, kwa udadisi wake, alichomoa pini. Mtungi ukapiga kelele, ukaruka, ukatapika povu bwawa zima. Wanafunzi wakapotea. Kwa muda hakuna aliyeonekana ila mirija ya kupumulia.

"Hivyohivyo!" Nahodha akapaza sauti kutoka ukingoni, mkavu kabisa. "Hilo ndilo povu la bahari kuu! Mkilizoea hilo, mmemaliza kazi!"

Wakampigia makofi, makofi ya sabuni. Halafu akawakalisha chini awafundishe mila, kwa sababu alijua mtu aliyebanwa na mila haulizi risiti. Msitaje kisiwa kwa jina. Msipige mluzi mkiwa ndani ya maji. Na la muhimu kuliko yote, mwenyeji akitamka, mgeni hana swali. Siku hiyo alijisikia msomi.

Mpango wake ulikuwa mwepesi. Ijumaa alasiri kila mtu analeta bahasha ya malipo ya mwisho, bahasha zote zinaingia mkobani, na jua la Jumamosi linachomoza Nahodha akiwa njiani na ufunguo umekaribia. Ijumaa ikafika. Bahasha nane zikaingia, nene, zenye afya. Nahodha akafunga zipu, moyo ukimdunda kwa furaha, na ndipo geti la nyumba ya wageni lilipofunguliwa.

Aliingia mama wa makamo, mwili wa heshima, amejifunga shuka jeupe begani, shingoni amejaza mikufu. Nahodha aliiona mikufu ile ni vifungo vya makoti, vile vya matundu manne, vimetungwa kwenye uzi wa kushonea viatu.

"Nani kati yenu," mama akauliza, "anayewapeleka watu kwetu bila kupiga hodi?"

"Kwenu wapi, mama?" mwalimu akauliza.

Alikwenda taratibu hadi kwenye kalenda, akaipapasa. "Hiki kibanda cha katikati," akasema, sauti ikikatika, "ni cha marehemu mama yangu." Na machozi yakamtoka, machozi mazito ya kweli, yakaanguka kwenye vifungo.

Wateja wote wakavua miwani ya kuzamia kwa heshima. Nahodha peke yake alibaki mdomo wazi. Alitaka kupiga kelele kwamba huyu mama ni tapeli, laghai, mwongo asiye na haya! Lakini angesemaje? Angesema, mama, wewe si wa kisiwa hiki, kwa sababu kisiwa hiki nimekitunga mimi nikiwa na pamba mdomoni?

"Nahodha, si ulituambia lugha yao unaijua?" mwalimu akasema. "Msalimie basi."

"Balungo shindira," Nahodha akasema, jasho likimtiririka.

Mama akashtuka, akaziba mdomo kwa kiganja. "Nderuma kibasu pii," akajibu. Kisha akawageukia wengine. "Amenitukana, lakini nimemsamehe. Lugha kajifunza kwa watu wa upande wa pili, hawana malezi."

"Mama tuwie radhi," muuza nyama akasema. "Sisi tuna adabu. Tufanye nini ili tukubaliwe?"

"Ni jambo dogo tu, wanangu. Kwetu mgeni haingii na zawadi yake mkononi. Zawadi inatangulia, na anaichukua mwenyeji, ili bahari imjue mgeni kabla hajafika. Na yule aliyewaleta anakaa ndani ya maji mpaka shingoni, kimya, hadi mwenyeji awe ameshafika mbali. Akitoka mapema, au akifungua mdomo, chaza wote wanafunga."

"Wanafunga?" Muuza nyama rangi ilimtoka. "Kwa muda gani?"

"Miaka saba."

Nahodha akaukumbatia mkoba. "Jamani, mila hiyo ya zamani. Ilishafutwa hiyo! Nilikuwepo inafutwa!"

Mwalimu akalamba kidole, akafungua daftari. "Jumanne, saa tisa alasiri. 'Mwenyeji akitamka, mgeni hana swali. Mkikataa mila moja tu, hamna kisiwa na hamna lulu.' Maneno yako haya, Nahodha. Nimeyapigia mistari miwili."

"Ndugu yangu," muuza nyama akasema kwa upole, akiutoa mkoba mikononi mwake kwa ile mikono isiyopimwa, "ingia majini."

Akaingia. Kwa kuwa maji yalifika kiunoni tu, ilibidi achuchumae ili yamfike shingoni. Muuza nyama akampakia mama kwenye gari lake la nyama, akamfutia kiti cha mbele kwa aproni safi, wateja wengine wakarundikana nyuma kwenda kumsindikiza stendi. Daktari alibaki kulinda bwawa, saa mkononi.

"Daktari, nisikilize, yule mama…"

"Funga mdomo," daktari akasema. Kwa miaka tisa kazi yake ilikuwa kuwaambia watu wafungue, na ilionekana kabisa kwamba anafurahia mabadiliko. "Funga. Usituharibie chaza."

Alimshikilia hivyo robo saa nzima. Alipomruhusu tu, Nahodha alichomoka, maji yakimchuruzika, viatu vikilia fyonyo, fyonyo barabara nzima. Watu walimpisha. Mama mmoja aliyeuza vitambaa alimwita aje ajifute kwanza, hakusikia. Akilini mwake palikuwa na bahasha nane na mlango mmoja.

Stendi alilikuta basi la milimani linawasha injini, na mama amekaa dirishani kama mke wa waziri. Chini, wateja saba walikuwa wanapunga mikono.

"Basi hilo linaelekea milimani!" Nahodha akapiga ukelele. "Bahari iko kule!"

"Anazunguka," mwalimu akamweleza, akimhurumia. "Haruhusiwi kwenda moja kwa moja. Mila."

"Mwizi! Jamani, mwizi! Mkoba wangu!"

Watu wakajaa, na polisi mmoja akaja akila karanga. "Nani mwizi?"

"Yule mama! Kachukua mkoba wangu!"

"Una nini huo mkoba?"

"Hela."

"Hela za nini?"

Nahodha akainama kukamua suruali. Mama akatoa kichwa dirishani bila haraka.

"Afande, mwanangu," akasema, "mwulize kijana swali moja tu. Kisiwa kipo au hakipo?"

Hebu mfikirieni Nahodha. Akisema kipo, basi mkoba ni zawadi ya wenyeji, na mwenyeji ndiye huyu hapa, na mashahidi saba wanalia kwa heshima. Akisema hakipo, basi afande yuko hatua moja kutoka kwake na muuza nyama hatua mbili. Alimtazama afande. Aliitazama mikono ya muuza nyama. Roho ilimuuma, ilimuuma kwelikweli, kwa sababu katika maisha yake yote hakuwahi kufanya kazi kwa bidii kama alivyoifanyia kazi ile hela.

"Kipo," akasema.

"Sema kwa nguvu, wenzako wasikie."

"Kipo! Kisiwa kipo! Na huyu ni mwenyeji wake!"

Wateja wakashangilia. Mwalimu akaandika tarehe. Afande akamkaripia Nahodha kwa kumvurugia mama wa watu safari, na kwa kuwa mkoba ulikuwa bado uko mlangoni mwa basi ukingoja utingo, akamwamuru aubebe mwenyewe ampelekee mama kitini, iwe ndiyo kuomba radhi.

Akaubeba. Ulikuwa mzito, tena mzito kwa namna ile nzuri. Akapita katikati ya viti akidondosha maji kwenye miguu ya abiria, akafika dirishani, akainama.

"Mama, niambie kweli. Nani alikutuma?"

"Hakuna, baba." Mama akaupokea mkoba kwa mikono miwili, akaupakata. "Nilisoma tangazo lako sokoni. Nikakaa siku tatu nikingoja mtu wa kisiwa hicho ajitokeze akukane. Hakutokea hata mmoja. Nikaona vibaya, mahali pazuri vile pakose mwenyeji." Akamfuta Nahodha tone la maji puani kwa ncha ya shuka. "Haya, teremka, gari linaondoka."