Injini Namba 808 na Shati la Baba Mkwe

Jumatatu, 9 Machi

Baba mkwe amehamia kwetu. Hakuja kutembea, amehamia. Kaja na masanduku mawili, redio na mto wake mwenyewe. Mtu anayekuja na mto wake haondoki.

Mke wangu anasema chumba cha nyuma ni cha baba yake. Chumba cha nyuma kina reli yangu. Meza ya mita tatu, stesheni mbili, daraja, handaki la magazeti na gundi. Miaka sita ya maisha yangu! Nikamwuliza reli iende wapi. Akasema hilo ni swali zuri na nina mpaka Jumamosi kulijibu, kwa sababu Jumamosi saa nne seremala anakuja na msumeno. Kwa sasa mzee analala kwenye kochi sebuleni. Ana miguu mirefu. Kila nikipita naiona inaning'inia.

Lakini nina mpango. Baba mkwe aliendesha treni za mvuke miaka ishirini na mbili, mingi kati ya hiyo kwenye injini namba 808. Juzi shemeji, kaka yake mke wangu, alikuta filamu za picha za zamani kwenye vitu vya mzee, akazipeleka studio kusafishwa. Picha moja ninayo. 808 nzima kutoka ubavuni, mzee bado kijana, ameegemea dirisha la dereva, kidebe cha mafuta mkononi. Nitaijenga hiyohiyo, ndogo, ya kupita kwenye reli yangu. Ataiona, atalia, atasema mwenyewe meza isiguswe. Nani atambishia mzee anayelia?

Sharti ni moja tu, asijue mtu. Chumba nimekifunga kwa ufunguo.

Jumanne, 10 Machi

Bolia, tangi la mvuke, tayari: kopo la dawa ya mbu. Mke wangu anaitafuta dawa ya mbu nyumba nzima. Nimemsaidia kutafuta.

Filimbi ni kichwa cha sindano. Ribiti, vile vichwa vya misumari vinavyoshika mabati, nazitengeneza kwa matone ya gundi, moja moja, kwa ncha ya pini. Picha ina ribiti 214. Nimehesabu mara tatu: 214, 209, 214. Hizo tano zinaninyima raha.

Mwenye macho anaona mengi kwenye picha. Kidebe cha mafuta kiko mkono wa kushoto. Kumbe mzee ni mashoto! Miaka kumi na moja ya ndoa na hakuna aliyeniambia. Asubuhi nimemwekea kikombe cha chai upande wa kushoto. Akakitazama, akakihamishia kulia. Anaona haya, maskini. Kesho nitamwekea kushoto tena, ajue kwangu yuko huru.

Jumatano, 11 Machi

Fundi Cherehani amekuja kuazima msasa. Huyu ni jirani, ana duka la ushonaji, na juu ya rafu ya vitambaa ana reli yake. Fupi kuliko yangu. Nimeipima siku aliyokwenda kunawa.

Aliiona picha kabla sijaifunika. Akaikodolea macho. Si injini, shati! Akasema hilo shati limefungwa vifungo kama blauzi. Tena mfuko wa kifuani uko kulia, na yeye tangu aanze kushona hajawahi kumwekea mwanamume mfuko kulia. Nikamwambia baba mkwe wangu ni dereva wa treni, si mvaa blauzi. Akasema yeye amesema alichokiona tu.

Wivu mtupu. Ameona injini itaiacha yake mbali, sasa anatafuta kasoro kwenye nguo za watu. Msasa sikumpa.

Mzee kahamisha kikombe tena.

Ijumaa, 13 Machi

Rangi haikauki. Nimechukua mashine ya mke wangu ya kukaushia nywele. Rangi imekauka, dohani imepinda. Nimeinyoosha kwa kijiko. Ribiti tatu zimedondoka, nimeziokota kwa ulimi.

Saa tisa hodi mlangoni. Baba mkwe. Akasema amesikia harufu ya rangi nyeusi, na kama kuna kazi humo ndani yeye hana la kufanya tangu Jumatatu. Nikamjibu kutoka ndani kwamba napaka kabati. Nikaona kivuli cha miguu yake chini ya mlango, kimesimama, kimesimama, halafu kikaondoka. Nilijisikia vibaya sana. Kidogo nifungue.

Lakini ningefungua, machozi ya kesho yangetoka wapi?

Pampu ya breki imekaa, upande wa kulia kama pichani. Kiti cha dereva, kulia. Dereva mdogo wa njiti ya kiberiti nimemketisha dirishani kulia, na kidebe chake mkono wa kushoto. Ni yeye mtupu.

Jumamosi, 14 Machi

Saa tatu na nusu nimefungua chumba, nikawaita wote. Mke wangu, shemeji, Fundi Cherehani aliyejileta mwenyewe. Seremala kawahi, kasimama mlangoni na msumeno wake. Nikamketisha baba mkwe mbele, nikaondoa kitambaa.

808 ikatoka handakini bila kukwama! Ikapita darajani, ikasimama stesheni mbele yake. Mzee akainama. Akaitazama muda mrefu, midomo inacheza. Nikamwangalia seremala kwa dharau.

Halafu mzee akauliza kwa upole huyo anayeendesha ni nani. Nikamwambia ni yeye. Akasema hapana, yeye alikaa kushoto miaka yote, na pampu ilikuwa kushoto pamoja naye. Kulia alikaa mtia makaa wake. Akasema ananishukuru sana, mtia makaa alikuwa mtu mwema, ila treni hakuwahi kupewa.

Nikatoa picha. Ushahidi! Mzee akaichukua, akaenda nayo kwenye kioo cha ukumbini, akaniita. Kwenye kioo kidebe kilikuwa mkono wa kulia na mfuko wa shati kushoto. Aliyesafisha picha aliipindua filamu. Namba haikuweza kunishtua, maana 808 ukiipindua inabaki 808.

Fundi Cherehani akasema neno moja tu: blauzi. Mke wangu akasema baba yake hajawahi kuwa mashoto, na kwamba hata mzee mwenyewe alimwuliza kwa siri kama mkwe wake ana tatizo la macho, mambo ya vikombe. Nilitaka kuingia handakini.

Mzee akaniuliza kwa nini sikumwuliza. Alikuwa hapo sebuleni wiki nzima.

Jumatatu, 16 Machi

Msumeno umepita. Nusu ya meza imekwenda, pamoja na daraja na stesheni moja. Kitanda cha mzee kimekaa palepale. Treni sasa inakwenda mbele mita moja na nusu, kisha inarudi kinyumenyume.

Nusu iliyobaki mzee ndiye aliyeiombea. Mke wangu amekubali kwa sharti: mwisho wa mwezi 808 iwe sawa, pande zote mbili, mzee mwenyewe athibitishe. Vinginevyo seremala anarudi. Upande wa kushoto tumeurekebisha pamoja, mzee na mimi. Pampu, kiti, dereva. Ilikuwa jioni nzuri, sifichi. Akasema upande wa kulia nao atanieleza, nimwulize tu.

Alhamisi, 19 Machi

Mambo yamenyooka! Shemeji amepata picha nyingine, 808 kwa upande wa kulia, mzee kasimama kando yake: ngazi, bomba la maji, sanduku la mchanga. Sina haja ya kumsumbua mzee. Nataka safari hii ashangae kweli.

Wala sidanganyiki tena. Picha imesafishwa studio ileile. Studio iliyopindua moja imepindua zote. Kwa hiyo kinachoonekana kulia kiukweli kilikuwa kushoto. Fundi Cherehani kaitazama, kasema vifungo viko sawa, mfuko uko sawa, hii haikupinduliwa. Juzi alisema kweli, najua, na sasa anategemea nitamwamini.

Ngazi nimeibandika kushoto. Bomba na sanduku, kushoto. Pampu imebanwa mpaka haionekani, na upande wa kulia umebaki mtupu kama ukuta, lakini ukweli ndio huo.

Mzee amelala kitandani, hatua moja kutoka hapa nilipo. Akigeuka naifunika injini. Sasa hivi ameniuliza kama nina swali lolote. Nimemwambia sina.

Dirishani nimemwona seremala akipita na msumeno wake. Akaniuliza nyumbani hawajambo. Nikamjibu hawajambo, na kwamba hapa kazi yake imekwisha.