Kibali cha Kumchora Inspekta

Umma unatangaziwa kwamba Ofisi ya Kumbukumbu za Maovu ya Kale, Kanda ya Geita na Shinyanga, imefanikiwa kutunza majalada mia nne ya jinai kwa miaka sitini bila hata moja kusomwa. Tangazo hilo lilibandikwa mlangoni na Mkurugenzi mwenyewe, Bwana Stanslaus. Anayetunza siri, alipenda kuwaambia watumishi wake wawili, hana sababu ya kuijua.

Basi akaja Ritha. Alitoka Katoro kwa bodaboda, vumbi mpaka kwenye kope, penseli mkobani. Alikuwa anachora kitabu cha hadithi ya katuni kuhusu mauaji ya Ramniklal, mnunuzi wa dhahabu aliyekatwa panga dukani kwake mwaka 1964. Aliyefungwa kwa kosa hilo ni Jilala, babu yake Ritha, na gerezani ndiko alikofia. Mpaka leo ukoo ule ukipeleka posa, watu huuliza kwanza kama mapanga yameachwa nyumbani. Ritha alitaka kujua kama babu aliua kweli.

"Shikamoo, baba. Naomba kuona jalada la Ramniklal."

"Marahaba. Barua ya serikali ya mtaa?"

"Hii hapa."

"Ya kata?"

"Hii."

"Ya marehemu?"

"Marehemu yupi, baba?"

"Ramniklal. Jalada ni lake. Kama hayupo, aandike kwamba hayupo."

Miezi minne Ritha alipigwa danadana. Mara mwenye ufunguo yuko semina, mara semina yenyewe inahusu ufunguo. Hakununa wala hakugombana. Kila Jumatatu alikuja, akakaa kwenye benchi, akachora. Jumatatu moja Mkurugenzi akachungulia daftari, akaona polisi wa kaptura ya kaki, mabega mapana, uso hana.

"Huyu nani?"

"Inspekta Marselino, aliyemkamata babu. Picha yake sijaipata."

"Ndiye shujaa wa kitabu?"

"Ndiye aliyepeleleza mwanzo mwisho."

Bwana Stanslaus akalainika. Miaka yote ya utumishi hakuna aliyewahi kumchora, na kwenye picha ya kitambulisho sikio moja lilikatwa. Siku hiyohiyo kibali kikatoka, kwa sharti moja lenye muhuri: uso wa Inspekta uwe wa Mkurugenzi, kuanzia ukurasa wa kwanza hadi wa mwisho. Ritha akasaini. Ufunguo, kumbe, ulikuwa mfukoni mwa Mkurugenzi.

Baada ya miezi mitatu Ritha akaleta nakala ya kwanza. Mkurugenzi akaita watumishi waje washuhudie. Ukurasa wa kumi alikuwa akipima nyayo. Wa ishirini, akihoji mashahidi, kidevu juu. Watumishi wakapiga makofi. Ukurasa wa hamsini alikuwa nyuma ya Ramniklal, amemnyanyulia panga.

Makofi yakakoma.

"Mayu, mama yangu, hapa umekosea," alisema Bwana Stanslaus.

"Sijakosea, baba. Imo kwenye jalada. Mwaka 1971 Inspekta akiwa mgonjwa aliandika barua ya kukiri. Aliua yeye, dhahabu akachukua yeye. Ofisi ikaipokea."

Akamwonyesha nakala ya barua hiyo: muhuri, tarehe, na maelekezo ya mkuu wa wakati huo, neno moja tu, "Hifadhi".

"Babu alifariki mwaka 1979," Ritha akaendelea. Hakupaza sauti, ila hasira ilisikika. "Miaka minane alikaa ndani na barua hii iko kabatini."

Bwana Stanslaus aliona aibu, na haraka akarudi kwenye jambo muhimu. "Sasa mimi nitoe humo. Wanangu watanionaje?"

"Sharti lina muhuri. Andika barua ya kulifuta, utaje na sababu."

"Sababu ipi?"

"Ya kweli. Kwamba Marselino ndiye aliyemuua Ramniklal, na Jilala hakuua."

Ofisi ambayo barua zake hutoka kwa robo mwaka iliitoa hiyo kwa dakika tisa. Mkurugenzi aliichapa mwenyewe kwa kidole kimoja, akapiga muhuri mara tatu. Kisha, asije akaonekana mtu wa hivihivi, akaongeza aya yake mwenyewe: ushahidi huo umekuwa salama chini ya ulinzi wake binafsi kwa miaka kumi na tisa, na katika muda wote huo hakuruhusu mtu yeyote auone.

Ritha aliisoma mara mbili, akashukuru, akaenda kuchora Marselino mwingine. Barua yenyewe hakuigusa hata nukta. Aliiweka ukurasa wa kwanza wa kitabu, saini ya Mkurugenzi ikionekana vizuri, na Katoro watu wanaisoma kwa sauti kabla ya kufika kwenye katuni.