Mguu wa Kushoto Hauna Kazi

Jumatatu, 4 Machi

Gari limefika! Jekundu, milango miwili, la michezo kwelikweli. Nimelizunguka kwenye maegesho mpaka mlinzi akaniuliza kama nimepoteza kitu. Nikamwambia hapana, nimepata. Akaendelea kumulika chini kwa tochi.

Kasoro moja tu: ni otomatiki. Wakati wa kununua sikuiona kama kasoro. Muuzaji alinihakikishia kwamba kwenye uwanja wa mbio giaboksi yake inabadilisha gia upesi kuliko mkono wa binadamu yeyote. Nikaamini. Kuhusu watu hakunieleza kitu. Leo nimepita uwanjani kujiandikisha kwenye klabu ya wanaoendesha kwa kujifurahisha, nikamkuta bwana mmoja mwenye shingo nene, wote wanamwita Klachi, akisimulia kwamba otomatiki ni gari la kumpelekea bibi kliniki. Wakacheka wote. Nikacheka kuwazidi. Akanigeukia, akauliza langu ni gia za mkono au vipi. Nikasema ndiyo, tena sita.

Mdomo huu!

Jumamosi ni Siku ya Abiria. Kila mwanachama anakuja na mtu wake, anamkalisha pembeni, wanazunguka uwanja, halafu wote wanakula pamoja kwenye meza moja ndefu. Nimetangaza kwamba nitakuja na mgeni maalumu. Sina mgeni maalumu. Tangu mke wangu aondoke, sina hata mgeni wa kawaida. Nikisema kweli, ndiyo sababu nimenunua gari hili. Viti ni viwili. Kimoja changu. Cha pili lazima kimpate mtu, ni hesabu tu.

Jumanne, 5 Machi

Saa ya chakula nimekwenda kwa wauza vyuma chakavu. Nimerudi na kirungu cha gia chenye namba juu yake, moja mpaka sita, na pedeli ya klachi iliyong'olewa kwenye pikapu iliyokufa. Mhasibu wa duka letu la miwani ameuliza ni nini hiki nimeweka mezani pa wateja. Nikamjibu ni vifaa vipya vya kupimia macho. Mteja aliyekuwa pale akaomba kupimwa na mwingine.

Jioni, kazi. Kirungu nimekibandika kwa gundi juu ya kile cha otomatiki. Kimekaa kama kimezaliwa pale. Pedeli nimeifunga kwenye kipande cha ubao, ubao nikaubandika sakafuni, kushoto kabisa mwa breki. Haifanyi chochote, lakini ukiikanyaga inalia vizuri. Nimefanya mazoezi injini ikiwa imezimwa: kanyaga kushoto, vuta mkono, inua bega, kunja uso. Uso ndio wenye kazi. Wenye gia za mkono wote wana uso wa mtu anayejaribu kukumbuka alikoweka funguo.

Mlinzi alikuja tena na tochi yake, akasimama, akanitazama. Akaondoka bila swali. Bora angeuliza.

Jumatano, 6 Machi

Nimemwalika Mhasibu kuwa mgeni maalumu. Nilijipanga vizuri, nikavaa hata shati la mistari. Akanishukuru sana, akasema Jumamosi huwa anafua. Nikamwambia uwanjani hatutachelewa. Akasema ana nguo nyingi.

Nimemwalika daktari wa meno wa ghorofa ya juu. Ana kizunguzungu. Nimemwalika jirani yangu wa mlango wa pili. Kumbe amehama tangu mwaka jana, na aliyefungua mlango alidhani mimi ni fundi wa bomba. Nimemrekebishia bomba.

Nikarudi kutoka sokoni na mfuko wa viazi kwenye kiti cha pembeni. Gari likaanza kulia, ti, ti, ti! Taa ikawaka: abiria hajafunga mkanda. Nikasimama pembeni ya barabara, nikaufunga mfuko mkanda. Kengele ikanyamaza. Sikwenda nyumbani moja kwa moja. Nilizunguka mtaani, nikieleza kona moja baada ya nyingine, wapi unaachia mafuta, wapi unaongeza. Viazi havikunikatiza hata mara moja. Sikumbuki lini mara ya mwisho niliongea sana hivyo.

Nikiwa namenya, Dada akapiga simu. Huyu ni dada yangu mkubwa, mjane, anaishi upande wa pili wa mji na redio yake. Shikamoo, marahaba, nimekula? Nimekula. Akauliza hilo gari jipya, pembeni anakaa nani. Nikamwambia Jumamosi kiti kimeshachukuliwa na mgeni maalumu. Akasema vizuri, afadhali. Halafu akasema yeye hajawahi kupanda gari la chini namna ile. Nikasema viazi vinaungua, ingawa bado vilikuwa vibichi.

Nampenda Dada. Ila uwanjani hapana. Atakuja na mwavuli na makopo ya chakula, ataomba dua kwa sauti kwenye kila kona, na kabla ya saa sita klabu nzima itajua nilikojoa kitandani mpaka darasa la tano.

Ijumaa, 8 Machi

Bado sina mtu. Mpango mpya: nitasema mgeni maalumu ameamka na homa. Nimefanya mazoezi ya sura ya masikitiko kwenye kioo cha dukani. Mhasibu ameniuliza kama nimefiwa.

Dada amepiga tena. Akauliza huo uwanja uko wapi hasa, maana amesikia tu jina la barabara. Hapa sikujizuia. Hakuna mtu aliyewahi kuniuliza. Nikamweleza yote: shuka kituo cha mwisho cha basi, fuata ukuta mrefu, geti la bluu, halafu uwanja wenyewe, kona ya kwanza ya kulia, ile ya pili inayodanganya, mteremko, mwisho ile iliyo mbele ya jukwaa la watazamaji. Akawa anasema eeh, eeh. Akauliza nitaendesha saa ngapi. Nikamwambia. Baada ya kukata simu ndipo nikajiuliza kwa nini alitaka kujua mambo ya basi.

Jumamosi, 9 Machi

Naandika nikiwa bado nimevaa viatu vya kuendeshea.

Niliwahi kufika. Nilikuwa katikati ya homa ya mgeni maalumu, Klachi akitikisa kichwa kwa huruma, nilipoona mwavuli ukipita geti la bluu. Chini ya mwavuli, Dada. Gauni la sherehe, makandambili, makopo matatu kwenye mfuko wa wavu. Na usoni ile miwani niliyomtengenezea mwenyewe, fremu nyekundu, ambayo huivaa siku kubwa tu.

Klachi akauliza kama ndiye mgeni wangu maalumu.

Nikasema, "Hapana, huyu ni mteja wangu. Wa miwani."

Alikuwa ameshafika karibu. Alisikia. Niliona amesikia kwa jinsi alivyofunga mwavuli taratibu, ubavu mmoja baada ya mwingine. Kisha akanipa mkono kama mtu baki, akanisalimia, "Habari za kazi, fundi." Akamwambia Klachi miwani ninayotengeneza ni mizuri sana, anaona mbali.

Klachi ni mtu wa adabu, ndilo tatizo lake. Akasema kwa kuwa mgeni ana homa na mteja amefika mpaka hapa, basi mteja apande. Wote wakapiga makofi. Dada akafungwa mkanda na makopo yake miguuni. Kengele ya gari haikulia hata kidogo.

Kona ya kwanza nilifanya yote: kushoto, mkono, bega, uso. Dada akaangalia miguu yangu. Akaangalia kirungu. Akauliza kwa upole kwa nini nakanyaga ubao. Nikamwambia ni mambo ya kiufundi. Akasema gari mbona linabadilika lenyewe kabla sijavuta, na huo mguu wa kushoto hauna kazi, niupumzishe.

Nikaupumzisha. Sijui kwa nini. Mikono miwili kwenye usukani, gari nikaliachia giaboksi yake, na hapo ndipo likaamka! Kabla ya kila kona lilishuka gia lenyewe, likanguruma, mimi kazi yangu ikawa kutazama mbele tu. Muuzaji hakusema uongo. Dada alishika mpini wa mlango, akaomba dua kwa sauti, na katikati ya dua akaanza kucheka. Kicheko kile cha zamani, cha jikoni kwetu. Nami nikacheka. Kona ile inayodanganya tuliipita tukiwa tunapiga kelele kama watoto. Mzunguko mzima sikukumbuka kwamba nyumbani hakuna mtu.

Kisha tukaja mbele ya jukwaa. Klachi na klabu nzima wameegemea reli, wanatazama.

Mkono ukaruka wenyewe kwenye kirungu. Bega likainuka. Mguu wa kushoto ukatafuta klachi kwa nguvu zote, lakini ubao ulikuwa umeshabanduka na kuteleza chini ya makopo. Mguu ukaikuta breki.

Gari lilizunguka mara ambazo sikuhesabu. Tulisimama kwenye majani, tukitazama tulikotoka. Nilikuwa nimeshika kirungu mkononi, peke yake, na nyuzi za gundi. Kopo moja lilikuwa limefunguka na Dada alikuwa na mchuzi kwenye gauni la sherehe.

Klachi alikuja mbio. Akahakikisha tuko wazima, akamsaidia Dada kutoka, akakiona kirungu, akauona ubao. Nikangoja kicheko. Hakucheka. Akaniambia gari lake lijalo litakuwa otomatiki, goti lake la kushoto limekwisha, na kwamba yale magari matatu yanayowashinda wote kila mwezi ni otomatiki pia, sikuyaona? Ule wa bibi na kliniki ulikuwa utani tu. Akasema twende tukale, nije na mteja wangu.

Dada akasema anashukuru, ana basi la kuwahi. Nilimfuata mpaka getini. Nilimwambia Dada, sikiliza. Akaniwekea mkononi makopo mawili yaliyosalia.

"Nilikuja kukaa na wewe, mdogo wangu. Gari hata sikuliangalia."

Akafungua mwavuli, akafuata ukuta mrefu. Mezani sikwenda. Ningewaambia nini, mteja wangu yuko wapi? Nilirudi nyumbani kwa barabara ndogo, na kiti cha pembeni kilikuwa na harufu ya mchuzi njia nzima.

Jumapili, 10 Machi

Nimekula chakula cha Dada baridi, nimesimama jikoni. Kitamu. Nimelia kidogo. Nimemkosea sana, nalijua. Nimeosha makopo, nikashika simu nimpigie niombe radhi.

Lakini radhi bila mpango ni maneno matupu. Nikakaa, nikafikiri kama mtu mzima, na chanzo cha balaa lote kikajitokeza wazi: otomatiki! Ningekuwa na klachi ya kweli, mguu wangu ungekuwa na pa kwenda. Nisingebandika, nisingedanganya, tusingezunguka.

Na bahati iliyoje, leo hii nimeona tangazo. Gari la mbio halisi, gia za mkono, klachi ngumu kama jiwe, mwenyewe anabadilisha na otomatiki papo kwa papo. Nimeshampigia. Dada atakuwa abiria wangu wa kwanza kabisa. Nitamfuata mpaka mlangoni, nitamfungulia, nitamkalisha pembeni, na hapo ndipo nitamwomba radhi, vizuri, mbele ya Klachi na klabu nzima.

Simu imeita sasa hivi. Ni yeye. Sikupokea, nisije nikaharibu mshangao.

Tangazo linasema gari lina kiti kimoja. Hilo nitamuuliza mwenye gari.